Chumba cha Mabati cha Mzee Makori

S.L.P. 214,
Suna-Migori.

Jumapili, 16 Machi 1997

Mpendwa wifi yangu Edinah,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuvusha hadi leo. U hali gani huko Francistown? Shemeji Obare anaendeleaje na kile kifua chake, bado anakataa kuvaa sweta? Na watoto, je, wanakumbuka Kiswahili chochote au wameshakuwa Watswana kabisa? Nimeota juu yenu mara mbili mwezi huu, na ndoto zote mbili zilikuwa za kawaida tu, mko mezani mnakula. Nilipoamka niliona afadhali.

Sisi huku tupo. Caren amepona macho. Wesley ameingia darasa la sita na viatu vya Januari vimeshambana. Kaka yako Ombati ni mzima wa mwili, ila haongei. Anakula, anaenda dukani, anarudi, anakaa. Ukimuuliza kitu anakuambia sawa, hata kama si swali la sawa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama siku zote, maana Kikisii changu unakijua, cha Mkuria aliyekiokota jikoni kwa mama mkwe. Mlinicheka miaka mingi kwa Kikisii hicho, na mimi nilikuwa nacheka nanyi. Safari hii nashukuru kuwa na Kiswahili. Haya ninayotaka kukuambia singeweza kuyaandika kwa lugha ya Baba.

Edinah, telegramu uliyopata ilisema Baba amefariki kwa malaria. Ombati ndiye aliyeandika vile, kwa sababu karani wa posta alikuwa anangoja na foleni ilikuwa ndefu nyuma yake, na malaria ni neno ambalo halina maswali. Baba hakuwa na malaria. Baba alikufa kwa joto, ndani ya ploti yetu, hatua kumi kutoka mlango wangu, nami nilikuwepo. Nataka uijue habari hii kwangu kabla hujaisikia kwa mtu mwingine. Ukishaijua yote utaamua mwenyewe kama bado una wifi Migori.

Mji huu hujauona tangu uondoke mwaka wa tisini na mbili, mwaka uleule tulipopewa wilaya. Ukishuka leo kwenye gari la Kisii hutaijua njia ya nyumbani. Pale penye mafunjo na matope, ulipopoteza kiatu siku ya harusi yangu, pamejazwa maramu na sasa ni maegesho ya malori. Lami imefika karibu na kanisa. Kila aliyekuwa na kiwanja amekijaza vyumba vya kupangisha, ukuta kwa ukuta, bati kwa bati, na sisi tulikuwa mbele ya wote. Kwani sisi tunauza nini? Mabati, simiti na misumari. Mji ulipokua sisi tulishiba, sitakudanganya. Ombati akafungua hadwea ya pili Homa Bay, maana huko nako watu wanajenga kama waliotumwa, akawa anaondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa.

Baba alipokuja kukaa kwetu na ule mguu wake, baada ya Mama kufariki, tulimpa chumba cha pembeni kule nyuma. Kilikuwa cha mabati, kuta na paa, lakini migomba ilikizunguka pande zote hata bati lenyewe halikuliona jua. Alikuwa akikaa humo migombani tangu asubuhi, akichonga mipini ya majembe ya kuuza dukani kwetu, redio yake kando. Nilikuwa nikimsikia akibishana na mtangazaji.

Mpango ule ulikuwa mzuri kwa sababu ensoni ilikuwa na nafasi. Sisi Wakuria nasi tuna heshima hiyo, hakuna aliyenifundisha kwenu. Baba mkwe hakanyagi ndani ya nyumba ya mkamwana, na mkamwana hafungui mlango wa baba mkwe wala hamwoni akiwa hajavaa. Basi mimi nilikuwa na njia yangu ya kwenda bombani, yeye alikuwa na yake ya kwenda chooni, na katikati yetu migomba. Chakula nilikiweka kwenye kigoda nje ya mlango wake, nikakohoa, nikaondoka. Karibu miaka miwili tuliishi hivyo bila kukoseana hata kwa jicho.

Aliyesema migomba ikatwe ni mimi. Ombati amejitwisha lawama lakini si yake. Nilikuwa nimeona nyoka mara mbili, wapita njia walikuwa wanatupa taka humo, na zaidi ya yote niliona wenzangu wote wanapangisha, nikajiuliza sisi tunafuga majani ya nini. Agosti mwaka jana ikakatwa yote kwa siku moja. Ikasimama safu ya vyumba sita vya mabati, ikitazamana na chumba cha Baba, na katikati ushoroba wa simiti ambao watu wawili wakipishana lazima mmoja ajibane ukutani. Njia yangu ya bombani ikawa hapohapo, mbele ya mlango wake. Baba alihamisha kigoda tu.

Tangu hapo akawa anafuata kivuli. Asubuhi alikaa ubavuni mwa choo, saa nne akahamia ukuta wa jiko, na ikifika saa sita kivuli kimebaki cha kuweka kisigino tu, akaingia ndani. Jirani yetu Jedidah, yule anayeuza omena sokoni, alimtania kwamba yeye ndiye saa ya ploti, hakuna haja ya kununua nyingine. Baba alicheka. Tulicheka wote, na hakuna kati yetu aliyeona kwamba mzee wa miaka sabini na nane anafukuzwa na jua kutoka ukuta hadi ukuta.

Desemba mvua ikakataa. Januari ikapita vilevile. Joto la Migori unalijua, lakini hili lilikuwa na ubaya wake. Jumapili moja nilienda kwa dada yangu Uriri nikalala huko, na usiku nikavuta shuka hadi shingoni. Jua la Uriri ni hilihili letu, tena mwendo wenyewe ni mfupi. Asubuhi nilipokuwa narudi, tulipoingia tu mjini nilihisi usoni kama mtu amefunua sufuria. Kwetu ilikuwa ukigusa ukuta saa tatu usiku bado una moto, na bati juu linalialia likipoa. Upepo wa mtoni ambao zamani ulikuwa unatukuta uwanjani umezibwa na majumba ya huko mbele. Watoto walikuwa wanamwagia sakafu maji, wanalala juu yake.

Nyumba yetu mimi na Ombati ni ya matofali na ina dari. Si baridi, lakini mtu anapumua. Jumatano ya wiki ile aliyofariki nikamtuma Jedidah amwambie Baba awe anashinda sebuleni kwangu mchana, na mimi nitakaa dukani mpaka jioni, hata kikombe changu sitakiacha mezani. Jedidah akarudi anatikisa kichwa. Baba alikuwa amemshukuru sana, halafu akasema nyumba haiachi kuwa ya mkamwana kwa sababu mkamwana ameenda dukani. Jedidah, unamjua Mjaluo yule hana siri mdomoni, akaniambia, "Sasa huyu mzee mtampika na hiyo heshima yenu." Nilimkasirikia. Nilimwona hana adabu, na siku nzima sikumsemesha.

Alhamisi nikampigia Ombati simu Homa Bay. Tukakubaliana kwamba Jumapili asubuhi atampeleka Baba nyumbani Nyaribari kwenye baridi yake. Hatukusema Jumamosi kwa sababu Sabato hatusafiri, na hatukusema kesho kwa sababu Ombati alikuwa anangoja lori la simiti.

Ijumaa hiyo ilikuwa tarehe kumi na nne Februari. Unajua siku ya maandalio ilivyo kwetu, chakula cha Sabato kiwe kimeiva na nguo zimepigwa pasi kabla jua halijazama. Nilikuwa na majiko mawili yanawaka. Saa sita nikampelekea Baba uji wa wimbi. Mlango wake ulikuwa umefungwa na dirisha limefungwa, na nilijua sababu. Joto lilikuwa limemvua shati na fulana, na kwa vile napita hapo na ndoo kila mara, alifunga ili nisimwone. Dirisha lile ndilo lililokuwa linampa hewa, Edinah. Alilifunga kwa ajili ya macho yangu. Nikaweka uji kwenye kigoda, nikakohoa kama kawaida, nikarudi kwenye majiko yangu.

Saa tisa nikaenda tena na chai. Uji ulikuwa palepale umeshika utando, nzi wamejaa. Nikakohoa. Nikaita. Nikasikia pumzi nzito ya kukoroma, halafu sauti kama ya mtu anayezungumza na mwenzake, wala humo ndani hamkuwa na mwenzake. Ule mlango hauna kitasa. Unafungwa kwa kamba ya katani kwenye msumari, msumari wa dukani kwetu, na ningeusukuma kwa bega ungefunguka. Niliweka mkono kwenye bati likaniunguza, nikautoa. Nikabaki nimesimama. Usidhani niliogopa. Niliona aibu. Nilijiambia nikifungua nimkute vile, hatanitazama tena usoni, ataondoka aende Kisii kwa mguu wake mbovu.

Jedidah alikuwa sokoni, wapangaji wote kazini, watoto shuleni. Nikakimbia na kandambili kumtafuta Mwalimu Maurice, kijana wa heshima aliyepanga chumba cha tatu, anafundisha jiografia shule ya ng'ambo ya mto. Ilinichukua dakika ishirini kufika. Yeye akapanda baiskeli akanitangulia, na mimi nikarudi mbio huku nikiwa nimeacha kandambili moja njiani.

Nilipofika alikuwa ameshakata kamba. Baba alikuwa amelala kifudifudi kwenye simiti, akitafuta ubaridi ambao haukuwepo. Maurice alimfunika shati kwanza ndipo akaniita, maana hata saa ile alikumbuka kwamba mimi ni mkamwana. Ngozi ya Baba ilikuwa kavu, haina hata tone la jasho, na ilikuwa inachoma. Tukampakia kwenye mkokoteni wa muuza maji, tukawa tunammwagia maji njia nzima. Jedidah akatukuta barabarani, akatupa chini karai lake la omena, akavua leso akawa anampepea huku anakimbia kando ya gurudumu. Hospitalini walimtundikia maji, wakafungua madirisha yote. Ombati alifika kutoka Homa Bay jua likizama, Sabato inaingia, akamshika mkono babake na kuniambia bado una moto, bado yupo. Daktari akamwambia pole pole kwamba hayupo tena.

Tulimzika Nyaribari Alhamisi iliyofuata. Huko kwenu manyunyu yalikuwa yanaanguka. Waombolezaji walijifunika mablanketi na kusogelea moto, na mimi nikawa natetemeka meno kando ya jeneza la mtu aliyekufa kwa joto mwendo wa saa mbili tu kutoka hapo. Nililia hapo kuliko hospitalini.

Shangazi yenu Nyasuguta akasimama mbele ya watu akanisifu. Alisema wake wa siku hizi wakifika mjini wanatupa ensoni kwenye mtaro, lakini huyu Mkuria wetu hakuingia chumba cha mkwewe hata kifo kilipokuwa ndani. Wanawake wakaitikia wote. Wakanivika leso mpya mabegani mbele ya kaburi la babako. Niliipokea, nikasema asante. Iko kabatini, sijaikunjua.

Tuliporudi, Maurice alileta kipimajoto cha shule akakitundika chumbani kwa Baba saa nane mchana, mlango umefungwa kama siku ile. Kilisoma arobaini na tatu. Jumapili yake alipoenda kwao Uriri akakitundika kwenye migomba ya mama yake saa ileile, kikasoma thelathini na moja. Nilimuuliza kwa nini. Akanieleza kwa adabu ya mwalimu kwamba bati, simiti na lami hunywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku, na majani ya kupoza hewa tumeyakata, na upepo tumeuzibia njia, kwa hiyo kila tunapoongeza vyumba tunaongeza moto. Alikuwa anaongea juu ya mji. Mimi nilisikia anaongea juu yangu na panga la Agosti.

Ombati anasema atabomoa safu nzima apande migomba upya. Anasema hivyo asubuhi, na mchana anapakia mabati ya wateja, kwa sababu ofisi mpya zinajengwa na watu wanangoja. Simlaumu. Ndivyo tulivyo sasa, tunalia huku tunauza.

Juzi mpangaji wa chumba cha pili alimleta mama yake mzee kutoka Ndhiwa. Nilimwambia yule mama mchana aje kwangu, asikae humo. Anakuja. Hana ensoni na mimi. Kila saa sita analala kwenye kochi ambalo Baba alilikataa, anakoroma, na mimi naenda jikoni nainama juu ya sinia ya mchele ili watoto wasinione.

Sasa niseme lililobaki, maana nimezunguka kurasa zote hizi nikilikwepa. Kila mtu aliniuliza kama Baba alisema neno lolote siku ile. Shangazi aliniuliza. Ombati aliniuliza mara mbili, na mara ya pili alinishika mikono yote miwili. Niliwaambia hapana. Si kweli, Edinah. Saa sita nilipokohoa, Baba alinijibu. Alisema, "Pita tu, mama, usingoje. Sijavaa. Nikipata nafuu nitavaa nichukue." Sauti ilikuwa nzito kama ya mlevi, na babako hakuonja pombe maisha yake yote. Nilimsikia vizuri. Nilisikia neno nafuu, nikajua anaumwa, na moyoni nikafurahi kwamba amenipa ruhusa ya kwenda. Nilikuwa na maharage motoni. Nikapita. Mpaka saa tisa.

Wewe ungekuwepo ungeusukuma ule mlango bila kufikiri, ungemvisha shati huku unamgombeza, na leo angekuwa Nyaribari analalamika kuhusu baridi. Jedidah ni jirani tu, na angeusukuma. Mimi niliyempikia miaka miwili ndiye niliyeshindwa, na kwa kushindwa huko nimepewa leso. Siombi uniandikie kwamba umenisamehe. Ukiweza kuandika hata kwamba umekasirika nitashukuru, maana hapa kila mtu ananisifu na sina mtu wa kunigombeza.

Nisalimie Obare na watoto. Jedidah anakusalimu, anasema ukija ulete kitambaa cha huko. Shangazi Nyasuguta anauliza utakuja lini kuliona kaburi. Wesley na Caren wanakuombea kila jioni kwa jina lako lote. Mungu akuwekee kivuli huko uliko, akupe maji baridi na watu wasiokuonea haya unapokuwa mgonjwa.

Barua hii sitaipeleka posta mwenyewe. Kesho asubuhi nitampa Ombati anaponiaga, na bahasha sitaibandika. Yeye hana desturi ya kusoma barua za watu, lakini nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba hii aisome kabla hajainunulia stempu. Ikikufikia, ujue kwamba kaka yako amejua, na kwamba ni yeye aliyeifunga.

Wifi yako akupendaye bado,
Nyangi